Laurenti Semkiwa, Mtu wa Chuma Aliyeondoka kwa Usingizi wa Dhahabu

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, nitakayoyasoma hapa hamtayaamini. Wengine mmeshaanza kuguna kwa sababu msomaji ni mimi, Robert, kaka yake mjane, mjomba wa watoto. Guneni tu. Ila karatasi hii, ukiacha habari za kifo chenyewe, marehemu aliisikia akiwa hai, akanifutisha robo tatu. Iliyobaki ni kweli tupu.

Marehemu Laurenti Semkiwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kambi ya mkonge nje kidogo ya Muheza. Nilikuwa nimeandika kwamba alizaliwa kashika nyundo. Hilo lilifutwa.

Alianza shule ya msingi Muheza mwaka 1959, na mwaka 1967 akaingia seminari ndogo. Huko padre mmoja aliwafundisha jinsi Wagiriki na Warumi wa kale walivyoamini kwamba wanadamu wamepita enzi kwa enzi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini somo hili nimelisikia mezani kwa marehemu mara nyingi kuliko padre alivyolifundisha. Kwanza walikuwako watu wa dhahabu: hawakulima, ardhi ilijizalia yenyewe, hawakuzeeka, na kifo kiliwajia kama usingizi. Wakafuata watu wa fedha, ambao mtoto alikaa miaka mia akicheza nyumbani kwa mama yake. Akifika hapo marehemu alikuwa akinitazama mimi. Kisha watu wa shaba, wakapigana hadi wakamalizana. Kisha mashujaa, ambao Warumi kwenye hesabu yao waliwaruka. Mwisho sisi, watu wa chuma: jasho, taabu, na watoto wasiosikia wazazi.

Laurenti akanyoosha mkono. "Padre, hao wa dhahabu, bawaba ya mlango ikikatika walimwita nani?"

"Hawakuwa na milango, Laurenti. Hawakuwa na wezi."

"Basi kule nisingekuwa na kazi."

Darasa likaangua kicheko, padre naye. Mwaka 1969 Laurenti akaondoka seminari kwa heri na baraka, akaenda kujifunza ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge.

Mwaka 1979 alifungua karakana yake hapa Tanga, mtaa wa Makorora, ukuta mmoja na nyumba yake. Mageti, madirisha, majiko, mikokoteni, vyote vilipita mikononi mwake. Mteja akianza kulalamika kwamba zamani ndiyo kulikuwa kuzuri, alimjibu: "Dhahabu hutengenezi hata jembe. Chuma kikipinda unakipasha moto, unakinyoosha. Mimi niacheni humu humu."

Tarehe 5 Septemba 1981, Chumbageni, alifunga ndoa na dada yangu Bibiana. Kitanda cha chuma alichomtengenezea bibi harusi hakikupita mlangoni. Fundi mzima alisahau kupima mlango! Akakikata vipande viwili, akakichomelea upya ndani ya chumba, na dada yangu anasema kile kiungo anakisikia mgongoni hadi leo. Walijaliwa watoto watatu: Benedikta, Leticia na Ritha. Ritha, kitinda mimba, aliingia karakana mwaka 2008 akiwa na miaka ishirini, na hakutoka.

Machi 2024 kifua kilianza kumsumbua marehemu. Tarehe 26 Desemba tulikaa kikao cha familia uani kwake, majirani nao wapo. Nikasimama, mnajua ninavyosimama, nikasema: "Tukubali, jamani. Mafundi wa dhahabu wamekwisha. Huyu ndiye wa mwisho. Akiondoka, karakana tuipige kufuli." Nilipigiwa makofi, sitawaficha.

Kesho yake jirani yetu Idarusi, aliyekuwa ameagiza geti, akaja kudai arudishiwe vipimo vyake. "Ritha mwanangu, unisamehe. Mjomba wako kasema mnafunga." Wakafuata wateja wengine wawili. Ritha akabaki kakaa juu ya vyuma alivyokwisha kuvikata. Marehemu akaniita.

"Shemeji, mimi umenizika, sawa, nilikuwa njiani. Mwanangu umemzikia nini?"

"Nilikuwa nakusifu, shemeji."

"Hata wale Wagiriki walikuwa wanasifu. Kila mtu akizeeka anaona dunia inaisha naye. Sasa sikiliza. Wasifu wangu utauandika wewe, na utausoma wewe. Ulichokifunga kwa mdomo wako utakifungua kwa mdomo huo huo, watu wakiwapo."

Basi nafungua. Idarusi, nakuona hapo mbele, usijifiche nyuma ya mwavuli. Karakana ya Makorora haifungwi. Jumatatu saa mbili asubuhi iko wazi, na fundi wake ni Ritha Semkiwa. Marehemu alinituma niseme pia kwamba kwa kuchomelea, Ritha alishampita tangu mwaka 2019. Hapo sijaongeza hata chumvi ya kuonjea.

Alhamisi tarehe 13 Februari 2025 marehemu alikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki, akasifu mchuzi, akajinyoosha mkekani uani. Ng'ambo ya ukuta Ritha alikuwa kazini. Marehemu akaisikiliza mashine ya kuchomelea kidogo. "Mkono umetulia," akasema, akalala. Saa tisa dada yangu alipompelekea chai, alikuwa ameshakwenda, uso haukukunjamana hata kidogo. Ndiyo hayo niliyosema hamtayaamini: mtu aliyewacheka watu wa dhahabu miaka zaidi ya hamsini, amekufa kifo chao. Huko aliko nadhani wanamzomea.

Ameacha mjane, Bibiana, watoto watatu, Benedikta, Leticia na Ritha, wajukuu saba, na shemeji mmoja ambaye ni mzigo. Apumzike kwa amani, na kama huko nako hakuna milango, basi apumzike zaidi.

Nilikuwa na sentensi ya kumalizia, nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Nilimsomea Jumapili tarehe 26 Januari, nimesimama pembeni ya kitanda kile kile chenye kiungo, mkono hewani: "Tanga nzima, kuanzia leo hadi mwisho wa dunia, haitapata tena fundi ka—"

"Robert," akasema, macho kayafumba. "Ritha yupo mlangoni. Ishia hapo hapo."