Mbuzi wa Sehemu ya Pili

Buguruni, nyuma ya soko, palikuwa na benchi ambalo mguu wake wa nne ulikuwa tofali. Jioni, baada ya kazi, watu walikaa hapo kunywa kahawa ya Salumu na kusimuliwa sinema ambazo wengi wao hawakuwahi kwenda mjini kuziona. Msimuliaji alikuwa Anselmo, mchonga vinyago, waliyempachika jina la Stelingi. Mwaka mzima aliwasimulia picha ya familia iliyopotea porini na lori bovu, watu wakacheka hadi machozi, na kikombe cha kwanza kikawa chake kila siku. Sasa sehemu ya pili imefika mjini, na aliyekalia nafasi yake ni Gregori wa kiwanda cha nguo, kikombe cha kwanza mkononi. Anselmo alikuwa na wivu.

— Basi lori limekatika breki mlimani, — alisema Gregori. — Baba anapiga mayowe, mama anamfinya baba. Nani kashika usukani?

— Nani? — Salumu alisahau birika mkononi.

— Mbuzi!

Benchi likayumba kwa vicheko.

— Yule yule wa sehemu ya kwanza? — aliuliza Fransis, balozi wa nyumba kumi.

— Yule yule, mwenye pembe moja!

Anselmo akaganda. Kwenye sehemu ya kwanza hapakuwa na mbuzi. Alimtunga yeye mwenyewe, hapo hapo benchini, siku kisa kilipomtoka kichwani na watu wakaanza kupiga miayo. Kumbe Gregori hajaona picha yoyote! Anselmo akafungua mdomo amuumbue, kisha akaufunga. Wangemuuliza amejuaje.

— Mbuzi haendeshi lori, — alinung'unika.

— Stelingi, wivu huo! — alisema Salumu. — Wewe ulituambia anapika ugali, tukakubali.

— Ugali ni kitu kingine.

— Mie naona kapitia Jeshi la Kujenga Taifa, — alisema Fransis. — Kule hata kuku anafundishwa gwaride.

— Wapi! Huyo kasomea udereva ng'ambo, — alisema Salumu. — Na leseni anayo.

— Nyie ngojeni mwisho, — Gregori akashusha sauti. — Wanafika kijijini, mbuzi anachaguliwa mwenyekiti. Asubuhi anapiga kengele watu wote wakalime. Wakishaondoka, anaingia ghalani kula mahindi.

Fransis aliangalia nyuma kwanza, ndipo akacheka. Anselmo naye kicheko kilimponyoka, akajichukia.

Wakati huo Husseinali, aliyefungua duka la vitenge mtaani wiki ile, akaja kukaa nao kwa mara ya kwanza.

— Mnacheka nini, ndugu zangu?

— Ile picha ya familia na lori, sehemu ya pili, — alijibu Salumu akimmiminia.

— A, hiyo! Mimi nimeona zote mbili, na mke wangu Fatmabai na watoto. Inafurahisha sana. — Akapuliza kahawa yake. — Nimesikia mnasema mbuzi. Mbuzi yupi?

Salumu akamtazama Gregori, Gregori akamtazama Anselmo. Anselmo aliyaona macho yale yakiomba. Alitamani kumzamisha, alitamani sana, lakini wangezama wote wawili.

— Ndugu Husseinali, mlikaa upande gani?

— Kushoto, karibu na mlango.

— Ndiyo maana. Mbuzi alikuwa upande wa kulia.

— Aaaa! — benchi zima likaelewa.

— Fatmabai aliniambia tukae kulia, — alisema Husseinali kwa masikitiko.

Gregori alisogea akampisha Anselmo nafasi yake, na kikombe akampa. Anselmo akanywa, lakini haikushuka vizuri. Hata alipokuwa anarudi nyumbani bado moyo ulimuuma. Mwaka mzima alikuwa na mbuzi yule, na kazi aliyompa ni kupika ugali tu.