Mama Jonas, Mkunga wa Siku ya Tatu

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Ilembo, na nyie mliotoka Kasekese na Kibaoni alfajiri ili kumsindikiza, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tuwakumbushe alikotoka huyu tunayempeleka leo.

Marehemu Kasilda Lyamba, ambaye wengi mlimwita Mama Jonas, alizaliwa Kibaoni, Mpimbwe, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sylvanus Lyamba na Mama Angela, wakulima wa mpunga na watu wa sala, waliomfundisha kusoma katekisimu kabla hajafikisha umri wa kwenda shule. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kibaoni kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akasomea uuguzi na ukunga, na mwezi Julai 1979 akaanza kazi katika zahanati moja ya huko Kasekese, enzi zile ambapo sindano zilichemshwa kwenye jiko la mkaa na harufu ya sabuni ya mche ilimtangulia mlangoni.

Ujana una ukali wake, na yeye mwenyewe hakuuficha, kwani mama aliyejifungulia nyumbani akifika na kichanga alimpokea kwa maneno makali, “Umezalia kichakani, leo unanitafuta mimi wa nini?”, na wanawake wakacheka kwa aibu, wakaondoka, wasirudi.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Ndugu Isidori Luhende, na tarehe 3 Februari 1983 akajifungua Jonas palepale zahanati, salama, akarudi nyumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Pudensiana, ambako mzazi hakutoka nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Siku ya tatu homa ikampanda, naye aliyejua dalili zote kwa moyo akanyamaza, akiona haya kuivunja desturi ya watu, huku Bibi akimtania, “Muuguzi mzima unatetemeka kama kuku wa mvua! Kunywa uji, mkwe wangu, kitovu hakijadondoka.” Siku ya tano hakumtambua hata mtoto wake, ndipo Isidori alipompakia kwenye baiskeli, akaisukuma njia yote ya matope hadi zahanati, na Mungu akamrudishia mke.

Alipopona hakumkaripia tena mzazi yeyote. Alitambua kwamba mlango wa mzazi hufunguliwa na mama mkwe, na kwamba woga wa kugombezwa unamfungia mtu ndani kuliko kufuli, hivyo akaanza kwenda majumbani siku ya tatu baada ya kila uzazi, akikaa kwanza na wazee, akisifia mboga zao, kabla ya kuomba kumwona mzazi. Bibi Pudensiana, Mungu amrehemu, akawa mwenzake wa njiani, na wakongwe wa Kasekese mnaikumbuka sauti yake, “Nilikaribia kumzika mkwe wangu kwa ajili ya heshima, nyie msirudie ujinga wangu!”

Mungu aliwaongezea Dorice mwaka 1986 na Respicius mwaka 1991. Marehemu alistaafu mwaka 2017, akahamia Ilembo, mwaka 2021 akampoteza mumewe, na tangu Novemba mwaka jana alikuwa akiugua figo, hadi Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipoitika wito wa Muumba wake.

Siku moja kabla, Wema, mke wa Respicius, alijifungua mtoto wa kike, na marehemu alipoletewa habari alisema kwa sauti iliyobaki, “Msiba wangu usimfungie mzazi ndani, siku ya tatu wapimwe wote wawili.” Jana wazee walibishana, shangazi Matilda akiuliza watu watasemaje mkwe asipoonekana kaburini, na haikuwa rahisi, lakini neno la marehemu likashinda. Kwa hiyo, Wema msiyemwona hapa alitoka saa mbili asubuhi kwenda kliniki, na taarifa iliyotufikia tukiandaa jeneza ni kwamba presha yake imekutwa juu mno, ameanzishiwa dawa, amelazwa, anaendelea vizuri, na mtoto hana neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi saba, wafanyakazi wenzake wa zamani, jumuiya, majirani mliopika na kulala nasi, na mama wakwe wote mliowahi kumfungulia mlango.

Mama, wazazi uliowafuata majumbani wametoka nje. Sasa pumzika kwa amani.