Bi Kanze Nyale, Masikio ya Redio Mkondo, Anastaafu

Baada ya kuitumikia Redio Mkondo ya Garsen kwa miaka ishirini na miwili, Bi Kanze Nyale, fundi wetu mkuu wa sauti, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Wasikilizaji wengi hawalijui jina lake, kwa kuwa hajawahi kusoma habari wala kuendesha kipindi. Lakini kama umewahi kuisikiliza redio yetu bila mikwaruzo, basi umekutana na kazi yake.

Bi Kanze alizaliwa Minjila, katika familia ya Wagiriama waliokuja kulima huku kwenye delta ya mto. Mwaka 2003, redio hii ilipokuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao, alikuja na kwaya ya kanisa lake kurekodi nyimbo za Pasaka. Kwaya iliimba, ikapokezana hedifoni kusikiliza kilichorekodiwa, ikafurahi. Yeye peke yake alikunja uso. Alimwambia fundi wa wakati ule kwamba sauti ya tatu haipo.

“Na aliyekuwa akiiimba ni mimi,” alisema. “Kwa hiyo najua nilikuwepo.”

Ilipokaguliwa, ikabainika kwamba upande mmoja wa hedifoni ile, ya pekee tuliyokuwa nayo, ulikuwa umekufa siku nyingi na hakuna aliyegundua. Wiki iliyofuata Bi Kanze alipewa kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kudai hedifoni mpya. La pili ni kukataa zile alizoletewa.

Mimi ninayeandika haya, Qabale Jatani, msoma habari za asubuhi, nimekaa naye studio moja kwa zaidi ya nusu ya utumishi wake. Naweza kushuhudia kwamba katika mambo mengine Bi Kanze ni mtu mpole. Anakunywa chai ya mtu yeyote, anasamehe wanaochelewa. Lakini mweke mbele ya hedifoni, zile kubwa za kufunika masikio, au eafoni, zile ndogo za kuchomekwa ndani, na mtu mwingine kabisa anaamka. Unyenyekevu hana, na hajawahi kujifanya anao. “Masikio yangu ni mazuri,” huwaambia wageni, kama vile mwingine angesema ana shamba zuri.

Duka la umeme la Muna, pale karibu na soko la Garsen, linamjua vyema. Muna ameniambia kwamba alipokuwa akimwona Bi Kanze anavuka barabara, alikuwa akiondoa baadhi ya bidhaa kwenye meza ili kuepusha ugomvi. Bi Kanze hakuangalia sanduku. Alisema sanduku halisikiki. Hakujali jina kubwa lililoandikwa ubavuni, kwa kuwa alishaona jina lilelile likiandikwa kwa namna tatu tofauti katika kabati moja. Alichofanya ni kutoa simu yake na kucheza rekodi aliyoifanya mwenyewe kwenye mnada wa ng'ombe hapa mjini. Ndani ya rekodi hiyo kuna mama anayeuza chai, dalali anayetaja bei, fahali anayelia, na mbali kabisa nyuma ya fahali, mzee mmoja anakohoa.

Alianza na sauti ya chini. Alikuwa akisema hedifoni mbaya hujificha ndani ya kelele, kama mwizi ndani ya harusi. Kisha alimsikiliza mama wa chai kwanza, kwa sababu sauti ya binadamu ndiyo tunayoijua tangu tumboni na haiwezi kutudanganya. Baadaye alipandisha kidogo, akamwendea fahali aone kama besi inanguruma au inapayuka. Mwisho alimtafuta mzee. Kama mkohozi hasikiki, hatununui. Muna aliwahi kumwomba ahamie kwa mkohozi mwingine, kwa kuwa huyu amemtia hasara.

Waya nao aliukunja pale unapoingia kwenye pini, sauti ikikatika aliirudisha hedifoni kabatini. Eafoni alizijaribu na mipira yote mitatu iliyo ndani ya pakiti, mdogo, wa kati na mkubwa, maana watu wengi hulaumu eafoni kwamba haina besi kumbe mpira haujaziba sikio. Na katika joto hili la Garsen, hedifoni yoyote yenye ngozi ya plastiki aliivaa dukani hadi atoe jasho. Wateja wengine walisubiri. Kuhusu bei, msimamo wake ulikuwa kwamba ghali sana unalipia sanduku, rahisi sana unanunua mara tatu, na katikati pale ndipo watu wenye akili wanapokutana.

Si kwamba hakukosea. Mwaka mmoja alitangaza kwamba shehena nzima ya hedifoni za Muna ni mbovu upande wa kushoto. Alizijaribu moja baada ya nyingine, zote zikawa zinanong'ona kushoto. Alimwambia Muna maneno mazito mbele ya watu, akarudi ofisini akiwa na hasira. Jioni hiyo mafua yakamshika vizuri, na asubuhi muuguzi wa zahanati akamweleza kwamba sikio lake la kushoto limeziba kabisa. Alikwenda dukani na kikapu cha maembe. Muna alipokea maembe, akamtazama, akamuuliza kwa upole kama angependa kuyasikiliza kwanza. Tangu siku hiyo Bi Kanze alijaribu hedifoni kwa kuivaa sawa kisha kuigeuza, kushoto kuwa kulia, na Muna akaanza kuwashauri wateja wote wafanye vivyo hivyo.

Sasa nieleze habari ya mafuriko, ambayo wengi mmeisikia kwa vipande.

Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipoujaza mto, mkurugenzi wetu Liban alikuwa amerudi kutoka Nairobi na hedifoni mpya za kifahari. Zilikuwa nyekundu. Besi yake ilikuwa ya kutikisa meno. Bi Kanze alizivaa kidogo, akazivua, akasema zinafaa harusi. Liban alicheka, akaendelea kuzivaa.

Jumamosi moja adhuhuri, ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya studio kutoka kwa namba tusiyoijua. Ulikuwa mfupi. Mwanamume alikuwa akisema ndani ya upepo na mvua kwamba wako na watoto na mama mzee, maji yanapanda, watafutiwe boti. Alitaja walipo, upepo ukameza neno, na ujumbe ukakatika. Tulipopiga, simu ilikuwa imezimwa.

Liban alisikiliza mara nne kwa zile nyekundu. “Ndera,” alisema. “Anasema wako Ndera.”

Mimi nilisikiliza baada yake, na kwa hedifoni zilezile nilisikia Ndera pia. Vijana wa boti ya kujitolea walikuwa wakingoja pale nje, boti ikiwa juu ya lori. Ndera ni mbali, juu huko mtoni, na barabara ilikuwa imekatika sehemu. Wakienda huko, siku ingeishia njiani. Liban alishawaambia wawashe lori.

Bi Kanze alikuwa chumba cha mitambo akikausha waya. Alikuja, akachukua hedifoni yake ya kazini, ile nyeusi isiyo na sura, akaichomeka. Alifumba macho. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Nilimwona midomo yake ikilifuatisha lile neno.

“Bosi, lisiondoke lori,” alisema. “Hasemi Ndera. Anasema tela. Tuko juu ya tela.”

“Mama, una hakika?”

“Usiniulize mimi. Vaa.”

Liban alivaa ile nyeusi. Alinieleza baadaye kwamba ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Ule mngurumo wa upepo, ambao hedifoni zake zilikuwa zikiukuza kama ngoma, ulipungua ukawa upepo tu, na mbele yake ikasimama herufi T, kavu kama mlio wa kijiti kinachovunjika. Tela. Nyuma ya sauti ile kulikuwa na mbuzi wakilia.

Kila anayechunga upande wa Minjila analijua lile tela la trekta lililoachwa mbugani na mradi mmoja wa mpunga miaka mingi iliyopita. Halina magurudumu tena, lakini limesimama juu ya tuta. Liban alitoka nje akikimbia, hedifoni ingali shingoni na waya ukiburutwa, akasimama mbele ya lori. Kwa dakika kadhaa kulikuwa na mabishano, kwa kuwa nahodha wa boti alitaka kujua ni nani hasa ameamua. Liban akasema, “Bi Kanze amesikia.” Nahodha akapanda lori, wakaelekea Minjila.

Sisi tuliobaki hatukuwa na raha. Bi Kanze alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Aliniuliza kwa sauti ndogo, “Qabale, na kama ni mafua?”

Nilimletea chai, hakuinywa.

Haikuwa mafua. Kabla ya magharibi walikuwa wamewashusha wote: Godana, mchungaji wa Kiorma aliyetuma ujumbe ule, mkewe, watoto wao, na jirani yao mkongwe Bi Dado, ambaye inasemekana alikataa kuingia kwenye boti hadi kuku wake aingie kwanza. Maji yalikuwa yamefika kwenye ubao wa tela. Bi Kanze alipopata habari aliingia chumba cha mitambo, akafunga mlango, na hatukubisha hodi.

Wiki chache baadaye Godana alikuja ofisini na kibuyu cha maziwa. Alishukuru kwa heshima zote, kisha akalalamika kwamba tulitangaza mbuzi wake wamezama ilhali walikuwa wameogelea, na jambo hilo linamharibia jina mnadani. Nilirekebisha habari hiyo kesho yake asubuhi. Alikuwa na ombi pia. Alitaka Bi Kanze amchagulie eafoni nzuri ya kusikilizia redio malishoni. Wakaenda kwa Muna pamoja, wakajaribu nusu ya duka, wakachagua moja ya bei ya kadiri yenye waya mnene. Bi Kanze akailipia. Kisha akaomba mkasi, akakata upande mmoja.

Godana alishtuka. “Mama, umeiharibu.”

“Nimekutengenezea. Sikio moja la redio, jingine la fisi.”

Nimeambiwa anaitumia mpaka leo, na kwamba wachungaji wengine wamekuwa wakimpelekea Muna eafoni zao mpya zikatwe.

Mafanikio ya Bi Kanze hayaishii hapo. Amefundisha mafundi walioko sasa katika redio nyingine za pwani. Ametuzuia sote kufungua sauti hadi mwisho, na ndiyo maana watangazaji wetu wa zamani bado wanasikia wakiitwa. Alikomesha mtindo wa kuvaa hedifoni za wazi hewani, zile zinazovujisha sauti ikarudi kwenye maiki, baada ya msikilizaji kutupigia simu kutuuliza kwa nini mtangazaji anaongea na mzimu wake.

Mwezi huu alikwenda kwa Muna kwa mara ya mwisho kama fundi wa Redio Mkondo, akiwa na Ubah, fundi anayeshika nafasi yake. Nilifuatana nao kwa sababu sikutaka kusimuliwa. Ubah alipita hedifoni zote za waya akasimama kwenye zile zisizo na waya. Tulijua kitakachofuata. Kwa miaka mingi Bi Kanze amezipinga: betri itakufa katikati ya habari, sauti inafika ikiwa imechelewa, na eafoni ndogo zisizo na waya zikianguka kwenye mchanga wa Garsen umeshawapa mchwa muziki. Alizisema hizo zote pale pale. Ubah alisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

“Za hewani tutabaki na waya, Mama,” alisema. “Hizi ni za kwenda kurekodi nje. Waya zetu zote hukatikia kwenye pikipiki.”

Bi Kanze alitazama dari. Alizichukua, akazivaa. Akacheza mnada wake. Muna aliacha kuhesabu chenji. Alisimama katikati ya duka, kichwa kimeinama, hadi rekodi ikaisha, kisha akavua.

“Fahali wangu yupo,” alisema. “Mzee yupo. Na kuna mtoto analia kule nyuma, nimekuwa na rekodi hii miaka yote na sikuwahi kumsikia.”

Alimpa Ubah hedifoni zile mkononi. “Nunua. Mimi ningezikataa, na ningekuwa nimekosea.” Halafu akafungua mkoba wake akamwambia Muna amfungie nyingine kama hizo, za kwenda nazo nyumbani.

Bi Kanze anarudi Minjila kwenye shamba lake. Wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa uvumilivu, kwa ukali uliotufaa, na kwa watu ambao leo wako hai na wanakudai salamu. Tunakuombea mvua ya kiasi, mahindi yanayojaza gunzi, na wajukuu wanaoitika wakiitwa mara ya kwanza. Ishi vyema, Mama, na ukipita Garsen, ingia. Kiti kipo.