Niliwasikia Wanaume, Sikumsikia Mke Wangu

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe! Hapa Kinyangiri mnanifahamu, mimi Baba Neema, niliyefanya kazi miaka mingi kule Sekenke kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nimesimama kushuhudia jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Masikio yangu yalikuwa yanachagua! Mchungaji akihubiri, nilimsikia. Wanaume wenzangu mnadani, niliwasikia. Lakini mke wangu akiongea, nilipata sauti tu, maneno siyapati. Watoto wadogo ndiyo kabisa. Vifaranga walifungua midomo kama wanapiga miayo.

Mke wangu aliumia. Akiniuliza hili najibu lile, halafu akija mwanamume naongea naye vizuri. Akasema nimemdharau uzeeni. Nami ningejiteteaje? Kiziwi sikuwa. Kuongea na watu kukanichosha kuliko kulima, maana nilibahatisha kila neno. Usiku mluzi ulilia kichwani, usingizi haupatikani. Nikaacha hata ibada. Nilidhani akili inaniacha.

Mwishowe mke wangu akafunga mizigo aende kwa kaka yake Ikungi. Nilikuwa uani nikipukuchua mahindi, nimempa mgongo. Simu yake ikaita: binti yetu Neema, aliyesubiri mtoto kwa muda mrefu, amejifungua salama. Mama Neema akasahau hasira, akanitangazia habari ile akiwa nyuma yangu. Mimi naendelea kupukuchua.

Akarudia. Akazunguka mbele, akanitazama usoni.

"Baba Neema, kwani hunisikii?"

Safari hii niliona midomo yake. Nikamwambia, "Nasikia unaongea, mke wangu. Unachosema ndicho sikijui."

Akakaa chini, akalia. Kisha akanieleza habari ya mjukuu taratibu, uso kwa uso, na tukalia wote wawili. Ikungi hakwenda tena.

Tulikwenda pamoja hospitali mjini Singida. Daktari wa masikio alinipima, nami nikamwuliza maswali hadi akacheka. Alisema ndani kabisa ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele za miaka mingi huviua, na huanza kufa vile vya sauti nyembamba, kama za wanawake, watoto na vifaranga. Vile vya sauti nene, kama za wanaume, hubaki. Nikamwuliza kama huota tena. Akasema havioti.

Ndugu zangu, niliomba viote. Havijaota. Lakini Mungu alinipa jibu la swali lililotaka kuvunja nyumba yangu, na kupitia mchango wenu nikapata kifaa hiki mnachokiona sikioni. Siku ya kwanza nilisimama barabarani nikisikiliza kandambili zangu, nikishangaa kumbe zina kelele hivi! Kwenye watu wengi bado napotea, kwa hiyo Mama Neema hunigusa bega kwanza, ndipo aongee.

Nawashukuru, na Mungu namshukuru zaidi. Kama nyumbani kwako yupo mnayemwita mwenye kiburi, mzunguke umtazame usoni. Mpelekeni akapimwe. Na ninyi vijana wa karasha, zibeni masikio mkiwa kazini. Mtumainini Bwana, wala msione aibu kwenda hospitali.

Tukitoka hapa, mwenye swali aje asimame mbele yangu, aseme polepole. Kina mama na watoto waanze.