Lindsay Casimir, Aliyecheza Gofu Juu ya Jiko la Mama Yake

Baba Padri, wifi yangu Solange, watoto Kersley na Anaïs, ndugu, majirani wa Cité Bois-Rouge, nanyi wageni kutoka klabu ya gofu mlioketi benchi la pili, ukoo wa Casimir umenituma mimi Ginette niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa katika tumbo lile tulizaliwa wawili tu na sasa nimebaki peke yangu, nitayasoma yote, hata yale ambayo watu wenye adabu huyaacha nyumbani siku ya maziko.

Marehemu Lindsay Evenor Casimir alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika kijiji cha Anse Raoul, wilaya ya Rivière Noire, katika nyumba ya mabati na mbao iliyokuwa hatua chache kutoka mchangani, mtoto wa kwanza wa Evenor Casimir, aliyekuwa mkata nyasi wa klabu ya mabwana wa miwa kule nyanda za juu, na Philomène, aliyebeba chumvi kichwani kwenye mashamba ya chumvi mpaka utosi wake ukafanya kibonde, kibonde ambacho sisi watoto tulikuwa tukikipapasa akituchana nywele. Alibatizwa mwaka huohuo katika kanisa dogo la kijiji, ambalo halipo tena.

Alisoma shule ya msingi ya mapadri kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akafaulu vizuri kuliko wenzake wa darasa, lakini baba alikuwa ameanza kukohoa na mshahara wa chumvi haukutosha kulisha watu wanne, hivyo mwaka ule nchi yetu ilipopandisha bendera yake, Lindsay alivua sare ya shule na kupanda basi kwenda klabuni Vacoas kuwa kedi, akiwabebea mabwana fimbo zao za gofu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jumapili alirudi nyumbani na mpira mmoja mbovu mfukoni, akaupiga ufukweni kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe kwa mzizi wa mpera, na mama akimwona anahangaika kuutafuta kwenye mawimbi humwambia, "Wewe mtoto una kazi kweli, unatupa kitu kisha unakitafuta."

Mwaka 1979, baada ya kupita mikononi mwa mabwana wengi, aliajiriwa na hoteli moja ya pwani kuwa mwalimu wa gofu, na hapo ndipo watu walipojua kwamba mtoto wa Philomène alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi, kwa maana alipiga mpira kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, bila nguvu, bila hasira, na mpira ukaenda. Tarehe 17 Aprili 1982 alifunga ndoa na Solange Figaro, fundi cherehani, na Mungu akawajalia Kersley mwaka 1984 na Anaïs mwaka 1988, watoto ambao aliwapenda sana kila alipokuwepo.

Nasema alipokuwepo kwa sababu tangu mwaka 1989 visiwa vilianza kumwita. Alicheza Réunion chini ya milima, akashinda mara mbili, akacheza Barbados, akaalikwa Fiji, akaenda Praslin kwa ndugu zetu wa Ushelisheli, na kila penye uwanja uliochongwa juu ya jabali, ambapo mchezaji husimama upande huu wa maji na kuupeleka mpira upande wa pili huku mawimbi yakipasuka chini ya viatu vyake, kaka yangu alikuwa amekwisha kusimama pale. Walimpiga picha nyingi, na kama mmewahi kuona tangazo lenye mtu mweusi amepiga mpira kuelekea jua linalozama, amegeuka hata uso hauonekani, huyo ni Lindsay.

Akirudi alikuja moja kwa moja kwa mama, hata kabla ya kwenda kwa mkewe, Solange utanisamehe. Alikaa jikoni, akachukua ganda la shelisheli akalifanya mlima, akamwaga chumvi mezani ikawa mchanga, akageuza kikombe kikawa shimo, akatuonyesha upepo ulitokea wapi na mpira ulipita wapi, na macho yake yaling'aa hata mimi nisiyejua mchezo nilijikuta nimeshika pumzi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha kila safari, kisiwa chochote kile, aliuliza swali lilelile, "Na watu wa hapo walikuwa wanakaa wapi?" Lindsay alicheka, akambusu, akasema, "Mama, hapo hapana watu, hapo ni uwanja."

Mwaka 2002 kampuni ilikuja Anse Raoul. Sitataja majina ya mabwana waliokuja, wengi wamekwisha kuhama, ila wote mnajua walikuja na ramani ya uwanja wa gofu na karatasi za kutuhamisha, wakazunguka siku mbili nyumba kwa nyumba wasipate hata mtu mmoja wa kuwaitikia, ndipo mtu akawaambia kwamba kijiji hiki kina mwana aliyecheza gofu dunia nzima. Jumapili tarehe 18 Agosti 2002, baada ya misa, Lindsay alisimama uani mwa kanisa akiwa na shati jeupe, akatueleza kwamba tutajengewa nyumba za zege ambazo kimbunga hakitazing'oa, kwamba vijana watapata kazi, kwamba yeye atakuwa mkuu wa wachezaji, na watoto wa kijiji watacheza bure.

Marehemu mjomba Aristide, mvuvi wa pweza, ndiye aliyeanza, akamwambia, "Lindsay, mwanangu, mimi mpira wenyewe nautambua kwa kuukanyaga tu, lakini nijibu hili, bahari tutaipitia wapi?" Lindsay akasema, "Ufukwe ni wa umma, Mjomba, hakuna atakayekuzuia." Shangazi Mimose akadakia kutoka nyuma, "Mie hata mkinizuia sijali, bahari nimeiona ya kutosha, nipeni ukuta wa zege nilale kimbunga kikipiga!" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichotumaliza, kwa sababu baada ya kucheka pamoja ni vigumu mtu kugoma peke yake. Mama hakucheka. Alimsogelea mwanawe akamuuliza, mbele yetu sote, "Haya maneno unayasema wewe, au wanayasema wao kwa kinywa chako?" Akajibu, "Nayasema mimi, Mama." Mama akasema, "Basi naweka kidole kwenye karatasi yao, kwa kuwa ni wewe." Na alipoweka yeye, kijiji kizima kikaweka.

Tulihamishwa mwezi Machi 2003, tukaletwa hapa Bois-Rouge, bara, mbali na bahari, kati ya miwa na barabara kuu, mahali ambapo samaki tunanunua. Nyumba ni za zege kweli, hilo halikuwa uongo, na Shangazi Mimose alikufa katika yake, akiwa amelala, wakati wa kimbunga, kama alivyoomba. Mengine yalikuwa uongo. Uwanja ulipofunguliwa tarehe 12 Novemba 2005, mkuu wa wachezaji alitoka ng'ambo, vijana wetu walipewa mafyekeo, watoto wetu waliwekewa lango, na kaka yangu akapewa shati lililoshonwa jina lake kifuani na kazi ya kucheza na mgeni yeyote asiye na mwenzi.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, kwa maana sehemu hii haikuwahi kusemwa hadharani. Mwezi Desemba mwaka ule mama aliniambia, "Ginette, nipeleke nikaone kwangu." Langoni mlinzi alitukataa kwa adabu, tukazunguka kwa mguu kwa njia ya ufukweni, mama akiwa na miaka sabini na mbili, akiburuza kandambili zake, mpaka tukafika chini ya pale palipokuwa nyumba. Mshelisheli wake ulikuwepo, wameuacha kwa ajili ya urembo. Jiko lake lilikuwa nyasi, nyasi fupi laini kama kitambaa cha altare, na katikati yake shimo, na juu ya shimo bendera yenye namba saba. Tulisimama mchangani. Hapo mpira ukashuka kutoka juu, kutoka ng'ambo ya maji, ukadunda mara moja mahali alipokuwa akiweka masufuria, ukajiviringisha polepole hadi karibu na bendera, na nikasikia watu wakipiga makofi, na wakaja wageni watatu na kedi wao, na pamoja nao Lindsay.

Alituona. Tulikuwa karibu kama ninavyomwona Baba Padri hapa. Mgeni mmoja, mwanamke, akamuuliza kwa Kifaransa kina nani wale, na kaka yangu, akiwa ameinamia mpira wake, akajibu, "Ni watu wa hapa tu, wanapita." Kisha akaugusa mpira, ukaingia shimoni.

Mama Kifaransa alikijua, alijifunza kwa masista. Hakulia, hakupaza sauti, aligeuka tukarudi njia ileile, na tulipofika barabarani akasema, "Mwanangu hajasema uongo. Mimi ni mtu wa hapa." Tangu siku hiyo hadi alipofariki tarehe 3 Julai 2014 hakumsemesha tena Lindsay neno hata moja. Alimpikia, ndiyo, alimwekea sahani ya rugai, mchuzi wa nyanya wenye samaki wa chumvi, kila Jumapili, alimfulia lile shati lenye jina, lakini neno hakumpa. Lindsay alipiga magoti, alilia, alimleta Padri aliyekuwepo wakati ule, alimtuma Anaïs, na mama akamsikiliza Padri, akamsikiliza Anaïs, akawaandalia chai. Siku ya mwisho Lindsay aliushika mkono wake saa nzima akimwita, na mama alikuwa na fahamu zake zote, akatazama ukuta.

Majirani nao walimhukumu kwa namna yao. Hakuna aliyemtukana. Alipoingia dukani mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa, meza ya dhumna ikawa imejaa wachezaji, na watu wale wale walioweka vidole kwa sababu ya ukuta wa zege walisema wameuzwa na Lindsay, kana kwamba siku ile uani mwa kanisa hakuna aliyecheka. Mnanitazama. Nilikuwepo.

Mliniuliza mara nyingi kwa nini hakuacha kazi ile, nami nilimuuliza, tukiwa tumekaa barazani kwake, Solange akiwa shahidi. Akasema, "Ginette, nikikwambia utanichukia. Lile shimo la saba, asubuhi, jua likitoka nyuma ya mlima na upepo wa kusi ukija juu ya maji, sijaona zuri kama lile Fiji wala Barbados wala popote. Nalipenda. Nifanyeje?" Nikamwambia, "Sisi tulipapenda kabla hapajaitwa shimo." Hakuwa mtu mbaya aliyejifanya mwema, wala mjinga aliyedanganywa tu, alikuwa mtu aliyependa kitu kizuri kuliko alivyowapenda wenye kitu hicho, na dhambi hiyo haina jina katika katekisimu.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2016, kisukari kikafuata, akastaafu mwaka 2019, klabu ikamruhusu kucheza Jumanne alfajiri kabla ya wageni. Jumanne tarehe 6 Juni 2023, zikiwa zimebaki siku tatu atimize miaka sitini na saba, aliupiga mpira ukavuka maji ukatua vizuri, akatembea kuufuata, akaanguka kando ya bendera ya saba, na Désiré, kedi aliyekuwa naye, akaita msaada kwa redio. Sauti ya redio ilimwambia gari la wagonjwa linakuja, ila kuna kundi la wageni nyuma, asaidie kumsogeza kivulini ili mchezo usisimame. Désiré, mwanangu, umesimama pale mlangoni, wewe ulikataa, ulikaa nyasini umempakata, na uliniambia wageni wale walipita kushoto, wakapiga mipira yao, mmoja akavua kofia. Alifariki alasiri ile hospitalini bila kuzinduka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliojitahidi hadi mwisho, inamshukuru Désiré ambaye tangu siku ile hana kazi, inawashukuru majirani wa Bois-Rouge ambao kwa miaka kumi na minane hawakumpa nafasi mezani, lakini jana walibishana nani atashika jeneza upande wa kichwa. Tunawashukuru pia wa klabu kwa shada la maua, na kwa pendekezo lenu la kuweka kibao chenye jina lake kwenye shimo la saba na kuyazika majivu yake chini ya mshelisheli. Solange amenituma niwajibu kwa maneno yake mwenyewe: "Pale ameshakaa vya kutosha." Atazikwa hapa bara, makaburi ya Bois-Rouge, upande wa kushoto wa mama.

Kaka yangu, nenda kapumzike. Mama ni mzito wa kuamka, na hasira zake unazijua. Anza wewe kumsemesha, taratibu, wala usimweleze habari za uwanja.