Ferista Kibona na Barabara ya Mpemba

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa mpakani Tunduma, mlioko Kamsamba kwenye joto na mpunga, mlioko Iyula kwenye kahawa, na ninyi wa milima ya Ileje, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja.

Jina lake ni Ferista Kibona. Alikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Alifariki Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, barabarani, kabla ya kufika Mpemba. Alikuwa kwenye baiskeli yake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ferista Kibona, karani, miaka arobaini na mitatu.

Wengi wenu mlimwona bila kujua jina lake. Mlimwona kwenye simu. Tutafika huko.

Ferista alizaliwa Mbebe, Ileje, kwa Mzee Amoni Kibona, mkulima. Mama yake alikuwa na kisukari. Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Wakakata chini ya goti. Wakarudi wakakata juu ya goti. Mwaka haukuisha, wakamzika. Ferista alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye aliyekuwa akimbeba mama yake mgongoni kumpeleka chooni.

"Mama alikuwa akimwomba msamaha kila akimbeba," anasema Tumpe, mdogo wake Ferista. "Kila mara. Dada hakuwahi kuusahau uzito ule, maana ulikuwa unapungua."

Akaolewa na Jofrey Nzunda, mwuza vipuri vya magari, mtu wa Iyula. Wakapata watoto wawili, sasa wako sekondari za bweni. Kazi ya Ferista ilikuwa ya kukaa. Asubuhi mpaka jioni, kiti kile kile, madereva dirishani, karatasi mezani. Chipsi mayai saa nne, soda saa sita, wali saa nane. Januari mwaka jana alikuwa na kilo mia moja na tatu. Akaanza kuona kiu isiyokatika. Akaenda kupima. Sukari kumi na nne, na hakuwa amekula kitu.

Daktari alimwambia, "Mama, dawa nitakupa. Lakini dawa haitafanya mazoezi kwa niaba yako."

"Magoti yananiuma, daktari. Kukimbia siwezi."

"Basi baiskeli. Baiskeli inabeba mwili, magoti yanazunguka tu."

Jioni akamweleza mumewe mezani. Jofrey alitafuna, akameza, akasema, "Baiskeli ya kukubeba wewe itatoka kiwanda gani? Labda waunganishe mbili." Kisha akaomba maji. Ferista akaenda kumletea.

Wasikilizaji wapendwa, hakuwa anajua lolote kuhusu baiskeli. Alikwenda sokoni, akamkuta mwuzaji mwenye maneno matamu. Akaonyeshwa baiskeli kubwa, matairi manene ya milimani, springi mbele na nyuma, gia ishirini na moja. "Hii ndiyo ya watu wenye mwili, mama," yule mwuzaji alisema. Akaichukua. Ilikuwa nzito kama kitanda. Fremu yake ilikuwa ndefu mno. Akikaa kitini, miguu haigusi chini hata kwa ncha za vidole. Hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni kosa. Alidhani kosa ni mwili wake.

Wiki ya tatu, Machi mwaka jana, alikuwa akishuka kwenye barabara ya vumbi ya Majengo. Tairi likaingia kwenye mfereji. Alitafuta ardhi kwa mguu, asiipate. Akaanguka kwa ubavu, baiskeli juu yake.

Kijana mmoja alikuwa nyuma yake na simu. Hakumwinua. Alimpiga picha ya video, sekunde thelathini na moja, na sauti yake inasikika ikisema, "Lori limepinduka Tunduma. Foleni imeanza."

Mnaikumbuka sasa.

Video ile ilizunguka Tunduma nzima kabla ya adhuhuri. Ikafika Vwawa, ikafika Mbeya. Na asubuhi iliyofuata ilifika hapa, kwenye redio hii. Kipindi cha asubuhi kiliisimulia. Mtangazaji mwenzetu alisema kumbe sasa tumejua kinachosababisha foleni mpakani. Mimi nilikuwa humu studio. Nilicheka mpaka nikazima maikrofoni yangu. Ofisini kwa Ferista redio ilikuwa wazi. Wenzake wanasema alisimama, akapunguza sauti taratibu, akakaa, akaendelea kugonga mihuri.

Jioni hiyo simu yake ilikuwa imeisha chaji. Akachukua ya mumewe apige kwa Tumpe. Akaikuta video ile kwenye kundi la ukoo wa Jofrey. Aliyeituma ni Jofrey mwenyewe. Chini yake ameandika, "Mwenye winchi aje amsaidie."

Akamwuliza, "Baba Diana, hii umeituma wewe?"

"Kila mtu anayo," alijibu. "Nisingeituma, ingepungua nini?"

Usiku huo Tumpe alimsihi dada yake aiuze baiskeli. Nanukuu maneno ya Ferista kama Tumpe alivyonipa: "Mama walimhurumia sana, Tumpe. Walimhurumia, na mguu ukakatwa. Acha hawa wanicheke."

Hakuiuza. Kesho yake aliisukuma kwa miguu mpaka mtaa wa Sogea, kwa fundi Enoka Sichone. Kuna waliomwona njiani na kumpigia miluzi. Alifika, akamwambia fundi, "Nifundishe. Nimechoka kuanguka."

Enoka ni mtu wa maneno machache. Alimsimamisha ukutani, akachukua ubao, akampima kutoka nyayo hadi juu ya mapaja. Akaitazama ile baiskeli, akatikisa kichwa. "Hii ni ya mwanamume wa futi sita," alisema. "Huyo aliyekuuzia alikutazama unene. Baiskeli haichaguliwi kwa unene, inachaguliwa kwa urefu wa mguu."

Walibadilishana. Enoka alikuwa na baiskeli ya barabarani ya mtumba, iliyoingia kupitia Nakonde, upande wa Zambia, nyekundu, imechubuka, matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Fremu ndogo. Ferista akaogopa ule wembamba.

"Itanivunjikia, fundi."

"Haivunjiki. Panda."

Akampangia kiti: kisigino juu ya kanyagio, kanyagio chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Akamwekea spoksi nene gurudumu la nyuma, breki mpya, na taa nyekundu ya nyuma. Akamwambia asipande bila helmeti. Akamwambia aanze na dakika ishirini za tambarare, siku moja apande, siku inayofuata apumzike. "Ukiweza kuongea huku unakanyaga, mwendo ni sawa. Ukishindwa kuongea, punguza. Na gia nyepesi, mama. Usishindane na mlima, mlima hauna haraka."

Basi akaanza. Saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya kazi, kandokando ya foleni ya malori. Mwanzo alikwenda dakika ishirini. Baada ya miezi miwili, saa nzima. Watu wa mtaani walimzomea mpaka wakachoka. Waliomsalimia walikuwa madereva wa Zambia, waliolala kwenye malori yao wakingoja kuvuka. Walimwona kila asubuhi. "Mwapoleni, mayo," walimwambia wakipiga mswaki, yaani salamu, mama. Naye akajifunza kuitikia kwa Kibemba. Alimwambia Tumpe kwamba kuna siku hiyo ndiyo salamu pekee aliyoipata mpaka jua linazama.

Desemba alipinda Mpemba, akashika lami ya kuelekea Ileje. Vilima vitupu. Alikwenda kwa muda wa saa tano, akipumzika, akila ndizi, akisukuma palipomshinda. Akaingia uani kwa baba yake Mbebe akiwa na jasho na vumbi. Mzee Amoni hakumtambua mpaka alipovua helmeti. Akamzunguka, akainama, akamshika mashavu ya miguu kama anayenunua ng'ombe.

"Tata, unafanya nini?" Ferista alimwuliza akicheka.

Mzee akasema, "Mama yako angeitaka miguu hii."

Alikuwa na kilo sabini na tisa. Kutoka mia moja na tatu mpaka sabini na tisa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mngedhani hapo kicheko kiliisha. Kiliisha. Kikaja kibaya kuliko hicho.

Wakaanza kusema anaumwa. Tunajua ugonjwa gani waliokuwa wakiusema bila kuutaja. Kanisani akina mama wa kwaya walimwachia benchi zima. Kikombe alichonywea kwenye msiba wa jirani kilitengwa chini ya meza. Waliomwita lori wakati amenenepa ndio waliosema "amekwisha" alipopungua. Mama mkwe alisafiri kutoka Iyula, akaketi sebuleni, hakuvua hata kitenge cha begani. "Mwanangu naye umempa?" aliuliza.

Ferista hakugombana. Kesho yake akaenda kupima, akarudi na majibu yanayoonyesha hana. Akayaweka mapajani mwa mama mkwe kwa mikono miwili, kwa adabu.

Mama mkwe akayatazama. "Karatasi siku hizi zinanunuliwa," akasema.

Mwezi wa pili mwaka huu Jofrey alihamia kwa mwanamke mwingine Vwawa. Aliwaambia watu anaokoa maisha yake. Alijua ukweli. Yeye pia alikuwa amepima.

Tumpe anasema ndicho kipindi pekee dada yake alipoacha baiskeli. Siku tisa. Alilala akitazama ukuta. Siku ya kumi akaamka, akatia upepo matairi, akatoka. Alipoulizwa, alisema hawezi kufunga midomo ya watu wote wanaomsema, lakini sukari ni yake mwenyewe.

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Juni alikwenda kliniki. Kilo sabini na moja. Sukari tano nukta nne. Daktari alimwita muuguzi aje aone. Ferista akampigia Tumpe akiwa mlangoni, akashindwa kuongea, akakata, akapiga tena. Alhamisi aliambiwa amepona kiasi ambacho wengi hawafiki. Jumamosi akafa.

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Alikuwa pembeni kabisa mwa lami, helmeti kichwani, taa ya nyuma inawaka. Gari dogo la abiria lilitoka nyuma ya foleni likipita malori kwa kasi, likamgonga, likamtupa mtaroni. Halikusimama. Mpaka leo halijajulikana.

Watu walijaa. Aliyeshuka mtaroni ni dereva mmoja wa lori kutoka Ndola. Alimwekea kitenge chini ya shingo, akapiga magoti. Alizungumza na Tumpe kwa simu, na Tumpe ametuomba tuyaseme yote.

"Niliwaambia piga simu, ita gari," alisema yule dereva. "Wao wameshika simu, lakini wanapiga picha. Mmoja akasema, huyu ndiye yule wa lori limepinduka. Wengine wakacheka. Huyu mayo alikuwa anasikia. Nilijua anasikia, kwa sababu alinibana mkono."

Gari la kumchukua lilipopatikana, Ferista alikuwa ameshakata roho.

Alizikwa Iyula, kwa ukoo wa mumewe. Jofrey alirudi kutoka Vwawa kupokea rambirambi. Walimvika gauni la sherehe la zamani, la zile kilo mia na zaidi, wakalikunja mgongoni na kulibana kwa pini. Juu ya jeneza waliweka picha yake ya miaka minne iliyopita, mashavu yamejaa. Tumpe alikuwa amekuja na nyingine, aliyopigwa na fundi Enoka mwezi wa tano: Ferista amesimama na baiskeli nyekundu, mwembamba, ametoa meno yote.

"Hiyo ya ugonjwa msiiweke," mama mkwe alisema mbele ya watu. "Tumkumbuke alipokuwa mzima."

Tumpe aliishikilia picha yake. Alingoja mpaka wakati wa kuaga. Alipofika zamu yake aliinama, akaiingiza ile picha chini ya mikono ya dada yake, akasimama pale pale mpaka kifuniko kilipofungwa, asimpishe mtu.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole. Pole Mzee Amoni Kibona, kule Mbebe. Umezika mke, sasa umezika mtoto. Pole Tumpe. Pole watoto wawili wa marehemu. Pole fundi Enoka Sichone, ambaye hajafungua karakana tangu siku ile. Pole hata kwa Jofrey na mama yake, kwa kuwa mfiwa ni mfiwa, na kuna siku watabaki peke yao na waliyoyasema.

Kwenu mliobaki, na kwangu mimi. Kesho asubuhi mtu atapita mbele ya nyumba yako akihema, mnene au mwembamba, juu ya baiskeli. Hujui ametoka kumbeba nani mgongoni. Ukikosa salamu ya kumpa, funga mdomo, na simu iache mfukoni.

Redio hii haikumwomba Ferista Kibona msamaha alipokuwa hai. Nafasi tulikuwa nayo kila asubuhi, kwa miezi kumi na mitano. Sasa tutazima sauti kwa dakika moja. Msiguse redio zenu, hazijaharibika. Tunanyamaza, kama ilivyotupasa kunyamaza mwaka jana.