Bi Kuruthum binti Thani na Mikwa ya Nywele

Wasifu huu umeandikwa na Ghaliya na Aflah, wana wa marehemu, usomwe mbele ya jamaa na majirani waliofika kuhani hapa Ibra.

Marehemu Bi Kuruthum binti Thani alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 12 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alisoma skuli ya wasichana hadi darasa la nane. Jioni alikwenda kwa jirani yao aliyekuwa akiwanyoosha nywele maharusi kwa kitana cha shaba kilichopashwa moto kwenye seredani, na kazi hiyo aliishika upesi kuliko hesabu.

Mwaka 1975 alikuja Oman na wazazi wake, wakakaa Ibra. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu tu. Sokoni alinunua kwa kuonyesha kidole. Tarehe 6 Oktoba 1977 aliolewa na Bwana Marhun, mwalimu wa Kiarabu, aliyemfundisha lugha kwa subira nyumbani na kumsahihisha bila ya subira mbele za watu.

Mwaka 1988 alifungua saluni ya wanawake. Kibao alikiandika Bwana Marhun, na neno la Kiarabu alilolitia ni "mikwa". Bi Kuruthum hakulitaka.

"Unguja tunasema kitana cha moto," alisema. "Mimi sichomi watu."

Mumewe akamweleza kuwa asili ya jina ni huko kuchoma kwa chuma. Pasi ya nguo ni mikwa, ya nywele ni mikwa, na chuma anachomchomea mganga mgonjwa ni mikwa vilevile. "Ndilo jina lake," alisema, na kibao kikatundikwa.

Februari 1991 aliingia saluni mwanamke kijana kutoka Al Mintirib, jina lake Aliya, amebeba mtoto wa siku tisa aliyekuwa na manjano mpaka kwenye macho. Alikaa kitini, akamfunua mtoto tumbo, akaomba achomwe ili manjano yatoke. Mama mkwe wake ndiye aliyemtuma.

"Kwenye kibao mmeandika mikwa," alisema.

"Ya nywele, mwanangu," Bi Kuruthum alimjibu.

Akakizima chombo cha kunyooshea, akamwacha mteja aliyekuwa akimhudumia nusu ya kichwa imenyooka na nusu bado, akampigia simu mumewe alete gari. Mtoto alilazwa hospitali siku kumi na moja, akapona.

Lakini Aliya aliogopa kurudi kwa mama mkwe na mtoto asiye na alama ya moto. Bi Kuruthum akaenda naye. Bibi yule aliwatilia kahawa, kisha akataka akione hicho chuma chenyewe. Bi Kuruthum akakitoa mkobani kitana chake cha zamani cha shaba, na bibi akakigeuza huku na huku.

"Basi nichome mimi," alisema.

Bi Kuruthum akakipasha kwenye makaa, akamnyoosha mvi zake zote pale uani. Wiki ile ile kibao cha saluni kiliongezwa neno "nywele".

Bwana Marhun alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Mwaka 2019 figo za marehemu zilianza kudhoofika, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na saluni akamwachia Ghaliya. Alifariki nyumbani kwake Alkhamisi, tarehe 9 Januari 2025, baada ya sala ya adhuhuri.

Waliomwosha walipozifungua nywele zake walistaajabu kuona zimesokotana vile alivyozaliwa nazo.

"Mama yako hakupata kujinyoosha hata mara moja?" mmoja alimuuliza Ghaliya.

"Hakuwa na nafasi," Ghaliya alijibu, akamsuka mamake mikia mitatu, akaiweka nyuma.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na dada yake, Bi Najla, aliyeko Sur. Mola amghufirie, ampe raha huko alikokwenda, na awape subira aliowaacha.